Kuachika si kumwagika

Wapo watakaoshangaa kumwona mwalimu wa isimu akiitumia safu hii kuzungumzia filamu za mapenzi na vichekesho. Watasema kwamba katika nchi inayohangaishwa na bei ya unga, karo na uhaba wa ajira, habari za watu wazima waliotalikiana kisha wakapenda tena ni anasa ya wenye shibe. Nawaheshimu wenye maoni hayo, ila sikubaliani nao. Jinsi jamii inavyomtazama mtu ambaye ndoa yake imevunjika huamua mambo mengi yasiyo anasa hata kidogo: ni nani atakayepewa shamba la kulima, watoto wataitwa wa nani, na hata maiti itazikwa katika boma lipi. Na njia mojawapo ya kuutambua mtazamo huo ni kusikiliza yale ambayo watu huyacheka, na maneno wanayoyatumia wanapocheka.

Nianze na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Katika Kiswahili chetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamume huacha, mwanamke huachwa. Hayo kila mwanafunzi wa kidato cha pili anayajua chini ya kichwa cha kauli ya kutendwa. Lakini ipo kauli nyingine ambayo aghalabu hatuitafakari, nayo ni ile ya kutendeka. Kiambishi kilichomo katika vitenzi vunjika, chanika na mwagika ndicho kilichomo katika achika. Kazi yake ni kumwondoa mtenda katika sentensi na kuibakiza hali peke yake. Tukisema kikombe kimevunjika, hatusemi ni nani aliyekivunja. Vivyo hivyo tukisema kwamba fulani ameachika, aliyeacha hutoweka, na anayesalia mbele yetu ni mwanamke na hali yake, mfano wa maji yaliyomwagika, ambayo wahenga walikwisha kutuonya kuwa hayazoleki. Mimi sijapata kusikia ikisemwa kuhusu mwanamume kwamba ameachika, isipokuwa kwa mzaha.

Hatua chache kuvuka mpaka, sarufi ya ndoa hubadilika kidogo. Waganda nao husema kuwa mwanamume huwasa na mwanamke hufumbirwa, na hapo tuko sawa nao. Ila wanacho kitenzi kunoba, ambacho hutumika pale mke anapomwacha mume na kwenda zake. Katika kitenzi hicho mtenda ni mwanamke mwenyewe. Sisi hatuna budi kusema kwamba amemkimbia mumewe, kana kwamba ni mwizi, au kwamba amerudi kwao, kana kwamba ni mtoto aliyefukuzwa shule. Mwanamke wa Busia anayevuka mara tatu kwa siku akiwa na mzigo wake wa mitumba hutoka kwenye lugha inayosema ameachika na kuingia kwenye lugha inayokubali kwamba huenda aliondoka kwa hiari yake.

Hata hivyo nisikionee Kiswahili. Lugha hii ina kiambishi kingine, -an-, kinachowafanya wawili kuwa watenda kwa pamoja: kupendana, kuoana, kuachana, kusameheana, kurudiana. Watu wa mwambao, kwa kuongozwa na sheria ya Kiislamu, wamekuwa kwa karne nyingi na msamiati kamili wa jambo hili. Wanaijua talaka rejea, wanaijua eda, na mtalaka kuolewa tena kwao si ajabu ya kuwakusanya majirani. Zana tunazo. Tatizo ni kwamba tuendapo bara, na hasa tunapocheka, tunachagua kiambishi kimoja na kukisahau kingine.

Sasa nizigeukie filamu. Hadithi nyingi za mapenzi huwahusu vijana wawili ambao wazazi, umaskini au wivu wa mtu mwingine huwazuia kuoana, na hukoma siku ya harusi. Lakini lipo kundi la filamu ambalo huanzia mahali ambapo hizo nyingine hukomea. Nchini Marekani, tangu mwaka 1934, kanuni za maadili ya filamu zilianza kutekelezwa kwa ukali, na ikawa vigumu kuonyesha uzinzi kwa mzaha. Watunzi wakapata mwanya: ikiwa mwanamume na mwanamke waliwahi kuwa mume na mke, ugomvi wao na mvuto wao ungeweza kuonyeshwa bila aibu. Ndipo zikaja filamu kama The Awful Truth ya mwaka 1937, kisha His Girl Friday na The Philadelphia Story za mwaka 1940, zote tatu akiwamo mwigizaji Cary Grant. Mwanafalsafa Stanley Cavell aliziandikia kitabu kizima mwaka 1981, akiziita vichekesho vya kuoana upya. Jambo linalotiliwa shaka katika filamu hizo ni kama wawili waliokwisha kujuana kasoro zao zote wanaweza kutazamana tena kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Miaka ya karibuni uzi huo umeendelezwa. Katika It's Complicated ya mwaka 2009, Meryl Streep ni mama mwenye duka la mikate ambaye amekaa miaka kumi bila mume. Mtalaka wake, aliyekwisha kuoa msichana, anaanza kumrudia kwa siri, huku mchoraji ramani za nyumba, mtaratibu na mwenye majeraha yake mwenyewe ya talaka, akimsubiri pembeni. Katika Ticket to Paradise ya mwaka 2022, George Clooney na Julia Roberts ni wazazi waliotalikiana ambao hawawezi kuketi kiti kwa kiti bila kurushiana maneno. Wanaungana kwa lengo moja tu: kwenda kisiwani Bali kuizuia harusi ya binti yao na kijana mkulima wa mwani. Mwishowe harusi inafanyika, na wazuiaji wenyewe wanajikuta wamependana upya.

Filamu hii ya pili niliitazama nyumbani kwa binamu yangu mtaani Burumba, mjini Busia, nikiwa likizoni. Tulikuwa wanawake watano: binamu yangu, wenziwe wawili wauzao mitumba, shangazi yangu aliyepita miaka sabini, na mimi. Kwa kuwa shangazi hasikii Kiingereza, kazi ya kufasiri iliniangukia mimi. Mambo ya mwani hayakunisumbua, maana nilimweleza kwamba akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja hulima zao hilo hilo. Kilichonisumbua ni jinsi ya kuwaita wale wawili. Nikisema 'mume aliyemwacha' nimekwisha kutoa hukumu. Nikisema 'mume wake wa zamani' nimemfanya kuwa kama kiatu. Nikakimbilia neno 'mtalaka wake', ambalo linamfaa mwanamume na mwanamke sawasawa, na mambo yakaenda vizuri mpaka shangazi aliponishika mkono na kuuliza, kwa uzito wote, kama ng'ombe walikuwa wamerudishwa.

Tulicheka mpaka tukaisimamisha filamu. Lakini shangazi hakuwa akifanya mzaha. Kwake yeye, watu wawili ambao ng'ombe wao hawajarudishwa bado ni mume na mke, hata wakiwa wameishi mbali kwa miaka ishirini, na basi hapakuwa na ajabu yoyote katika kurudiana kwao. Na kama ng'ombe walikuwa wamerudishwa, basi huyo mwanamume alipaswa kuja upya na wazee wake. Watunzi wa Hollywood hawakulifikiria hilo. Ila kwa mwanamke wa Butula, Funyula au Amagoro, hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya moyo kuulizwa unataka nini.

Swali la shangazi limekwisha kufika mbele ya majaji, tena karibu sana na kwetu. Shirika la MIFUMI, lenye chimbuko lake wilayani Tororo, mwendo mfupi kutoka Malaba, lilipeleka suala la mahari katika Mahakama ya Katiba ya Uganda mwaka 2007. Halikuridhika na hukumu ya mwaka 2010, likakata rufaa. Mwezi Agosti mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kudai mahari irudishwe pindi ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha katiba. Mahari yenyewe haikuharamishwa. Kilichokataliwa ni ule utaratibu wa kumfanya mwanamke asiwe huru mpaka baba yake au kaka yake apate mifugo ya kulipa, mifugo ambayo pengine ilikwisha kutumika kumwolea huyo kaka.

Upande wetu wa mto Malaba, Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 zinasema kwamba wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, katika maisha ya ndoa, na wakati wa kuivunja. Sheria hiyo pia inataka ndoa za kimila zisajiliwe kama zilivyo nyingine, na uvunjaji wake upitie mahakamani. Ni maneno mazuri. Lakini katika vijiji ninavyovijua, wengi wameachana kwa kauli ya wazee, au kwa ukimya tu: mmoja alikwenda mjini asirudi. Mbele ya sheria hao bado ni mume na mke. Mbele ya mila, jibu linategemea ng'ombe. Mchumba wa pili anapotokea, huwa anatembea juu ya daraja ambalo mbao zake mbili hazijapigiliwa misumari. Anasita. Ndugu zake wanamwonya kwamba watoto atakaozaa huenda wakadaiwa na watu wengine, na kwamba siku ya mazishi kutakuwa na ugomvi. Hivyo watu hupendana kwa kujificha, kana kwamba wameiba.

Sisemi haya kama mtazamaji wa mbali. Mimi na mwenzangu tuliachana miaka kadhaa iliyopita, kwa hati ya mahakama na bila matusi. Nilichokuja kukigundua baadaye ni kwamba nilipotumia kitenzi 'tuliachana', waliokuwa wakinisikiliza walikirekebisha bila kujua. 'Pole, ulipoachwa ulikuwa na watoto wangapi?' Kiambishi changu kilikuwa kimeng'olewa na kingine kupachikwa mahali pake. Nimewasikia vijana sokoni wakimwita mwanamke wa hali yangu 'mtumba', kisha wakacheka. Katika mji ambao akina mama wengi hulisha familia zao kwa mitumba, nadhani ingefaa wakumbuke kwamba nguo ya mtumba huchaguliwa kwa makini kuliko mpya, na kwamba mwenye jicho zuri hupata ndani ya robota kitu ambacho dukani hakipo. Lakini mtu si nguo, hata methali ikisema hivyo, wala sioni sababu ya kuitetea heshima yangu kwa kuipamba tusi.

Kuna hoja moja dhidi ya filamu hizi ambayo inastahili kujibiwa. Viongozi wa dini na wazazi husema kwamba zinaifanya talaka ionekane tamu, na kwamba kijana akiona watu wakicheka baada ya kutalikiana atadhani ndoa ni shati la kuvuliwa jioni. Nimezitazama kwa makini na sikuuona utamu huo. Katika Ticket to Paradise wazazi wale wanamzuia binti yao kwa sababu wao wenyewe waliumia, na maumivu hayo ndiyo chanzo cha visa vyote. Katika It's Complicated watoto watatu, watu wazima tayari, wanalia kitandani kama wadogo wanapojua kwamba mama na baba wamekuwa wakikutana kwa siri. Na mama yule mwishowe anakataa kumrudia baba yao. Anatambua kwamba upweke na mazoea vilikuwa vimejivika vazi la mapenzi. Huo si uchochezi wa talaka. Ni somo la busara ambalo kungwi yeyote wa kale angelitia mhuri.

Hoja yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba filamu hizo zinaficha fedha. Mwanamke wa It's Complicated anaweza kumwambia mtalaka wake aende kwa sababu ana duka lake, nyumba yake na jiko ambalo ukubwa wake unapita madarasa mengi ya Teso Kusini. Uhuru wake wa kuchagua umesimama juu ya unga na siagi. Hapo ndipo mpaka wetu una la kusema. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe rasmi mjini Busia mwezi Februari mwaka 2018, na kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu mwepesi kwa bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, mama mwenye magunia machache ya mahindi au omena anaweza kuvuka kwa njia halali badala ya njia za panya. Kila shilingi anayoiepusha na mlungula ni shilingi inayompa uwezo wa kusema ndiyo au hapana kwa mwanamume. Maofisa wa forodha labda hawajui kwamba wanahusika na mapenzi, lakini wanahusika.

Je, kisa kama hicho kingewezekana kwetu? Naamini kabisa. Kichekesho kinahitaji mahali ambapo watu wasiotaka kukaa pamoja wanalazimika kukaa pamoja, na Malaba imejaliwa foleni. Mwezi Januari mwaka 2022, Uganda ilipotaka madereva wapimwe Covid kwa ada na madereva wakagoma, malori yalisimama kwa kilomita nyingi hadi mafuta yakaadimika upande wa pili. Hebu fikiria dereva wa makamo, aliyetalikiana miaka mingi, amekwama siku nne mbele ya kibanda cha chakula ambacho mwenyewe ni mtalaka wake. Ana njaa. Hana shilingi za Uganda wala za Kenya. Mama anampimia ugali kwa mkopo na kuandika kila kijiko daftarini. Wabadilishaji fedha wanakuwa wapatanishi, mwendesha boda boda anakuwa tarishi, na shangazi fulani anakuja kuuliza kuhusu ng'ombe. Ikifika wakati wao wa kufikiria kurudiana, waende kliniki wakapimwe damu pamoja, na hilo nalo lichekeshe bila kudhalilisha, maana miji ya mpakani imezika watu wengi kwa kuona aibu. Na iwapo mama ataamua kwamba dereva alipe deni lake na kuondoka, mtazamaji atoke akiwa ameridhika vilevile.

Vipaji tunavyo. Mwana wa Busia, marehemu Charles Bukeko, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Papa Shirandula, alituonyesha kwa miaka mingi kwamba askari wa lango na mkewe wanaweza kubeba kipindi kizima kwa lafudhi ya magharibi bila kuomba radhi. Alifariki mwezi Julai mwaka 2020 na kuzikwa kwao Busia. Watengenezaji filamu wa Nairobi nao wamejaribu mapenzi na vichekesho, mathalani Disconnect ya mwaka 2018, ila macho yao yako kwa vijana wa mjini ambao bado wanamtafuta mwenzi wa kwanza. Wapo pia wale mafundi wa kusimulia filamu za kigeni kwa lugha zetu, kama alivyofanya Lufufu nchini Tanzania, kama anavyofanya DJ Afro hapa kwetu, na kama wafanyavyo wenzao wa Kampala kwa Kiganda. Vibanda vya video vya Busia na Malaba husikiliza sauti za pande zote mbili. Aghalabu hupendelea ngumi na risasi. Siku wakiamua kusimulia kisa cha watalaka wawili, nawaomba wachague viambishi vyao kwa uangalifu, kwa sababu kijana aliyeketi kwenye benchi lile ataondoka na maneno yao mdomoni.

Kwa wazee wetu nina ombi moja la kawaida. Ndoa inapovunjika na mashauri yakamalizika, wasaidieni wahusika wafike mahakamani wapate hati, na msimfanye binti kuwa rehani ya mifugo. Kwa majirani ombi langu ni jepesi zaidi: mkimwona mtalaka amevaa vizuri siku ya Jumapili na kuna mtu anamsubiri njiani, msimuulize kama haoni haya.

Abasamia, ambao vilima vyao vina chuma na ambao mababu zao walisifika kwa kufua majembe yaliyouzwa mbali, wanaielewa kuliko wengi wetu ile methali isemayo kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi ambaye koleo lake limevunjika hukaa chini, akapumzika, akatafuta jingine, na moto haumkatai. Mpaka huu uliwahi kuipa Afrika Mashariki nzima neno boda boda, kutokana na baiskeli zilizowabeba watu kutoka ofisi za upande mmoja hadi za upande wa pili. Nina hakika hautashindwa kutupa pia kisa cha watu wawili waliovuka kipande hicho cha ardhi isiyo ya mtu, wakiwa na mizigo yao yote, na kufika ng'ambo wakicheka.